Sifuri Iliyozua Ugomvi: Nafasi za Tarakimu na Historia Yake Kwetu



Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini mwalimu wa Kiswahili, tena anayeandika juu ya uraia, hujiingiza katika mambo ya hesabu. Nitawajibu kwa kisa, kisha tuingie katika historia.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa katika mkutano wa wazazi wa shule moja ya msingi, katika mji wa mpakani mwa Uganda na Kenya. Niliitwa kwa kazi ndogo tu: kufasiri kwa Kiswahili taarifa ya fedha iliyotolewa kwa Kiingereza, kwa kuwa wazazi walitoka katika makabila mengi, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya soko. Mweka hazina aliandika ubaoni jumla ya michango ya muhula: 2,050,000. Mwenyekiti, mtu mzima mwenye heshima zake, akaitazama namba ile kwa haraka na kuisoma kwa Kiingereza. Nami, bila kugeuka kuutazama ubao, nikafasiri nilichokisikia: "Shilingi milioni mbili na laki tano."

Hapo ndipo balaa ilipoanza. Daftari la mapato lilisema milioni mbili na elfu hamsini. Wazazi waliokwisha kusikia laki tano kwa masikio yao wakataka kujua zile laki nne na nusu zimekwenda wapi. Mweka hazina alijitetea kwamba hakuna kilichopotea, lakini kila alivyozidi kujieleza ndivyo watu walivyozidi kutazamana. Mkutano ulivunjika. Kwa muda wa wiki mbili mke wake alikwenda kununua chumvi mtaa wa pili, kwa sababu katika mtaa wao watu walinyamaza kila alipopita.

Katika mkutano wa pili alisimama mama mmoja muuza dagaa. "Mzee mwenyekiti, samahani," alisema. "Mimi sikusoma sana. Lakini namba ile tuliyoandikiwa si ya kugombaniwa. Niandikieni tena." Ikaandikwa. Akaenda ubaoni, akaziziba kwa kiganja tarakimu nne za mwisho, akauliza: "Hapa pamebaki nini?" Palikuwa pamebaki mbili, sifuri, tano. "Basi ni mitwalo mia mbili na mitano. Mitwalo mia mbili na hamsini haiandikwi hivi."

Alikuwa sahihi kabisa. Mutwalo, kwa Kiganda na katika masoko mengi ya Uganda, ni elfu kumi. Mitwalo 205 ni 2,050,000. Mitwalo 250 ni 2,500,000. Mwenyekiti alimwomba mweka hazina radhi mbele ya watu, nami nikaomba radhi baada yake, maana kosa lilitoka kinywani mwake likapitia kinywani mwangu, na wala hakuna kati yetu aliyeitazama ile sifuri.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni nini hasa tunachowafundisha watoto wetu tunapowafundisha mamoja, makumi, mamia na maelfu. Mwenyekiti yule alisoma shule, na mimi pia. Sote wawili tulijua kwamba katika 2,050,000 tarakimu 5 imekaa katika nafasi ya makumi elfu. Tuliijua kama mtoto anavyojua wimbo. Yule mama, ambaye hakuwahi kuchora jedwali la nafasi, aliishika mkononi.

Historia inaweza kutueleza tofauti hiyo ilikotoka. Kabla ya tarakimu kufika katika nchi hizi, watu walikuwa wakihesabu vitu vingi bila shida. Katika ufalme wa Buganda fedha ilikuwa simbi, yaani kauri, zilizotoka katika Bahari ya Hindi na kupandishwa bara na misafara ya biashara. Hadi leo Waganda huita fedha ensimbi, na msomaji wa Kiswahili atalitambua neno hilo bila kufundishwa. Simbi zilitobolewa na kutungwa katika kamba kwa mamia. Mia ikawa na jina lake, kikumi. Elfu ikawa na jina lake, lukumi. Elfu kumi ikawa mutwalo. Kila daraja la kumi lilipewa jina, na mtu aliyehesabu alijua alipo kwa kulitaja jina hilo.

Lakini angalieni jambo moja. Kamba ya simbi mia ni mia popote utakapoiweka. Iweke kushoto, iweke kulia, ifiche chini ya mkeka: thamani yake imo ndani yake yenyewe. Vivyo hivyo tita la vijiti kumi ambalo mwalimu wa darasa la kwanza humpa mtoto alifunge kwa uzi. Mafungu hayo ni mwanzo mwema, na mtoto asiyepitia hapo atapotea. Hata hivyo hayajawa bado nafasi za tarakimu. Katika uandishi wetu wa leo alama 5 haina kamba wala uzi. Ikiwa peke yake ni tano. Ikisogezwa hatua moja kushoto ni hamsini. Ikisogezwa hatua nne ni elfu hamsini. Alama ni ile ile, na hakuna kilichoandikwa juu yake kutuonyesha kwamba imekuwa kubwa. Kinachosema ni mahali ilipokaa. Walimu wengi hudhani kwamba mtoto aliyeweza kufunga matita ameelewa nafasi, kumbe kati ya mambo hayo mawili mna mto ambao wanadamu walichukua muda mrefu kuuvuka.

Wababeli wa kale walikuwa na uandishi wa nafasi, wakihesabu kwa sitini, lakini kwa muda mrefu hawakuwa na alama ya mahali patupu. Waliacha pengo tu, na msomaji akisie. Warumi hawakuwa na nafasi kabisa. Waliofanya kazi hii ikamilike ni Wahindi. Mwaka 628 mwanahisabati Brahmagupta aliandika kanuni za kuhesabu kwa sifuri kama namba yenye haki sawa na nyingine. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, al-Khwarizmi aliandika kitabu kilichoeleza hesabu za Kihindi, na kitabu hicho kilipotafsiriwa kwa Kilatini jina lake likageuka kuwa neno linalotumika hadi leo kwa kanuni za kompyuta, algorithimu. Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, aliyejifunza tarakimu hizo akiwa kijana katika Afrika ya Kaskazini, aliwaandikia Waitalia kitabu kizima juu yake.

Je, walizipokea kwa shangwe? La. Mwaka 1299 chama cha wabadilishaji fedha wa mji wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuandika hesabu zao kwa tarakimu hizo mpya, kikawaamuru waandike kwa maneno. Sababu inayotajwa mara nyingi ni hofu ya udanganyifu: sifuri moja ikiongezwa mwishoni, deni limekua mara kumi. Nawapenda mabwana wale wa Florence kwa kuwa hofu yao ilikuwa ya kweli. Kila mtu aliyewahi kuandika hundi anaijua: kiasi kwa tarakimu, kisha kiasi kwa maneno. Na sheria za hundi ambazo nchi zetu zilirithi kutoka Uingereza husema kwamba viwili hivyo vikitofautiana, maneno ndiyo yanayofuatwa. Mkutano wetu wa wazazi ungeandikiwa namba ile kwa maneno, chumvi ingeendelea kununuliwa mtaa ule ule.

Sasa turudi pwani, maana ndiko sifuri ilikotufikia. Neno lenyewe ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni tupu. Pamoja nalo yalikuja maneno ambayo leo hatuyaoni tena kuwa ya kigeni: sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, na kuendelea hadi mia na elfu. Kiswahili kilikuwa na moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi vyake vyenyewe, na hata tisa ilikuwa na jina la Kibantu, kenda, ambalo bado mtalisikia katika Kiswahili cha Kongo. Huko huko Kongo ishirini husemwa makumi mbili na thelathini makumi tatu. Mwanafunzi wa Kampala akilisikia hilo hucheka na kusema ni Kiswahili kibovu. Asicheke. Kwa mtoto anayejifunza nafasi za tarakimu, makumi mbili ni jina bora kuliko ishirini, kwa sababu linamwambia waziwazi kwamba kuna makumi, na kwamba ni mawili.

Jambo jingine linalonifurahisha ni kwamba pwani ilikopa maneno lakini haikukopa mpangilio. Mwarabu husema tano na ishirini. Mswahili akayachukua maneno, akayapanga kwa desturi ya Kibantu, kubwa mbele na dogo nyuma: ishirini na tano. Hivyo mtoto wetu husoma namba kutoka kushoto kwenda kulia kama ilivyoandikwa. Mtoto wa Kijerumani hana bahati hiyo. Naye huambiwa tano na ishirini, kisha aandike 25.

Laki nayo ni ya Wahindi. Wafanyabiashara kutoka Gujarati na Kachchh walishika sehemu kubwa ya mikopo na forodha za Zanzibar katika karne ya 19, na katika hesabu zao laki ilikuwa kituo muhimu, hata mkato huwekwa mahali pengine: mia elfu huandikwa 1,00,000. Kiswahili kiliichukua laki, kikauacha mkato huo. Baadaye Wazungu walileta milioni na bilioni. Basi mtu akisema "milioni moja, laki tano, elfu thelathini na sita, mia saba ishirini na nne," ametaja Ulaya, Uhindi, Uarabuni na Bantu katika pumzi moja.

Urithi huu una taabu zake, nanyi mnaojifunza lugha mnapaswa kuzijua. Nikisema "elfu ishirini na tano," nimesema nini? Huenda ni 25,000. Huenda ni 20,005. Katika mazungumzo tunajisaidia kwa pumziko: elfu ishirini, na tano. Wengine hugeuza mpangilio, wakasema ishirini na tano elfu, ili pasiwe na shaka. Karani mwangalifu wa fedha atauliza mara mbili. Kiganda hakina shaka hiyo, kwa kuwa 25,000 husemwa emitwalo ebiri mu enkumi ttaano, yaani mitwalo miwili na elfu tano. Kila tarakimu imetajwa pamoja na nafasi yake. Nasema hivi kwa kuwa mara nyingi tunawaambia watoto waiache lugha ya nyumbani mlangoni mwa darasa la hesabu, na huenda lugha hiyo ndiyo ingewavusha.

Na watoto huangukia wapi? Kwa miaka mingi nimeona kosa moja likijirudia, na halijali kabila wala nchi. Mwambie mtoto aandike mia moja na tano, naye ataandika 1005. Mwambie elfu tatu na arobaini, ataandika 300040. Msimpige, wala msimwite mzembe. Ameandika kila alichokisikia, kwa uaminifu mkubwa: amesikia elfu tatu akaiandika yote, amesikia arobaini akaiandika yote. Asichokijua ni kwamba katika uandishi wetu namba ndogo hukaa ndani ya sifuri za namba kubwa, kama mgeni anayekalishwa kwenye viti vitupu.

Shule zetu zimejaribu njia mbalimbali. Mwaka 1962, mjini Entebbe, kando ya ziwa, walikusanyika wanahisabati na walimu kutoka Afrika, Uingereza na Marekani ili kuandika vitabu vipya vya hesabu kwa nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza. Vitabu hivyo vikajulikana kwa jina la mji huo. Ilikuwa zama za ile iliyoitwa hisabati mpya, iliyotokea Marekani kwa kasi kubwa baada ya Warusi kurusha satelaiti yao mwaka 1957. Watoto walifundishwa seti, na walifundishwa kwamba kumi si lazima: mtu anaweza kuhesabu kwa mafungu ya matano au ya mawili, na nafasi zikafuata. Wazazi walitazama madaftari ya watoto wao wasielewe kitu. Nchini Kenya Rais Moi aliifuta hisabati mpya mwaka 1981. Uganda masalio yake yapo hadi leo, na mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi bado hugeuza namba kutoka mfumo wa kumi kwenda mfumo wa tano.

Hukumu yangu juu ya jambo hilo ni ya katikati, na najua baadhi ya walimu wenzangu hawatakubali. Wazo la kuhesabu kwa tano halikuwa la kipuuzi. Mtu aliyewahi kuandika nane kama 13 katika mfumo wa tano, yaani tano moja na tatu, ameshtuka, na mshtuko ule humwonyesha kwamba nafasi ni makubaliano ya watu, wala haikushuka kutoka mbinguni. Kosa lilikuwa kumpa mtoto mshtuko huo kabla hajawa na kitu cha kushikilia. Mtoto ambaye bado anaandika 1005 kwa mia moja na tano hahitaji mfumo wa tano.

Anahitaji kadi. Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote, tena haigharimu ila maboksi makuukuu na mkasi. Kata kadi ndefu uandike 2,000,000. Kata nyingine fupi uandike 50,000, nyingine 3,000, nyingine 40, na upana wa kila tarakimu uwe sawa katika kadi zote. Mwambie mtoto atengeneze milioni mbili na elfu hamsini. Ataiweka kadi fupi juu ya kadi ndefu, akilinganisha ncha za kulia, na macho yake yataona 2,050,000. Kisha mwache aiinue ile ya juu: chini yake sifuri zilikuwa zikingoja. Aliyefanya hivyo mara ishirini kwa vidole vyake haandiki tena 200000050000. Abakasi nayo inafaa, ile ya waya na vizibo vya soda, kwa sababu vizibo vyote ni sawa na ni waya tu unaosema hiki ni kumi na kile ni elfu. Lakini abakasi ina waya mtupu pale ambapo karatasi ina sifuri, na mtoto lazima ahame kutoka utupu wa waya kwenda kwenye alama. Kadi humvusha hapo.

Tatizo la Uganda linaongezwa na lugha. Tangu mwaka 2007 mtaala huagiza watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na darasa la nne wageukie Kiingereza. Mwaka huo wa kugeuka ndio pia wakati namba zinapoanza kuwa ndefu. Nyumbani noti ya 20,000 ni mitwalo miwili, yaani tarakimu nne zimefunikwa. Darasani ni maelfu ishirini, yaani tarakimu tatu zimefunikwa, na mkato umewekwa hapo. Mtoto hakukosa akili. Ameambiwa aukate muwa ule ule mahali pawili. Mwalimu akimwonyesha kwamba njia zote mbili zafika, shida huisha. Akimwambia sahau ile ya nyumbani, huanza.

Wala noti zetu si kama za jirani. Mtoto wa Nairobi anaweza kumaliza utoto wake bila kuona noti kubwa kuliko ya shilingi 1,000. Mtoto wa Kampala hutumwa dukani na noti ya 10,000, na ya 50,000 ipo tangu mwaka 2003. Kwa hiyo namba kubwa kwetu si somo la darasa la sita, zimo mfukoni. Na zimo kwa sababu ya historia. Mwezi Mei 1987, baada ya miaka mingi ya vita na bei kupaa, serikali ya Uganda ilitoa shilingi mpya: shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya. Papo hapo ikakatwa kodi ya asilimia 30 katika ubadilishaji.

Hapa nawaomba mtulie, maana mambo mawili yalitendeka siku moja na wengi waliyachanganya. Kufuta sifuri mbili hakumnyang'anyi mtu kitu, mradi bei na mishahara navyo vimefutiwa sifuri mbili. Kila tarakimu imesogea hatua mbili kulia, basi. Asilimia 30 ni jambo jingine. Aliyekuwa na 250,000 alipaswa kupata 2,500 kwa kufuta sifuri. Baada ya kodi alibakiwa na 1,750. Zile 750 ndizo zilizochukuliwa. Raia anayejua nafasi za tarakimu huweza kusema kwa usahihi ni lipi alilotendewa, na lipi lilikuwa kubadilisha maandishi tu. Asiyejua hulalamikia sifuri, na kodi ikapita bila kuulizwa.

Jirani zetu wa Zaire waliona makubwa zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1992 ilitolewa noti ya zaire 5,000,000. Wafanyabiashara wa Kinshasa waliikataa, wanajeshi waliolipwa kwa noti hizo wakafanya ghasia mwezi Januari 1993, na watu wakafa. Oktoba mwaka huo ikaja zaire mpya, moja kwa kila 3,000,000 za zamani. Fikirini mateso ya muuza mihogo: hawezi hata kufuta sifuri akaridhika, sharti pia agawanye kwa tatu. Kasai ya Mashariki waliikataa fedha hiyo mpya, wakaendelea na noti zao za zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga, moja kwa zaire mpya 100,000. Ukizidisha, faranga moja ilisimama mahali pa zaire za mwanzo 300,000,000,000.

Namba hiyo nimeiacha bila kuisoma kwa makusudi. Sisi tutasema bilioni mia tatu. Mkongomani, Mrundi na Mnyarwanda, waliorithi hesabu za Kifaransa na Kibelgiji, watasema miliari mia tatu, kwa kuwa katika Kifaransa bilioni ni milioni mara milioni, mara elfu moja ya bilioni yetu. Uingereza yenyewe serikali yake iliihesabu hivyo hadi mwaka 1974. Katika jumuiya yetu ya Afrika ya Mashariki, ambamo mkataba mmoja husomwa Kampala na Bujumbura, hili si jambo la mzaha. Ndiyo maana nawasihi mnaponukuu bajeti ya nchi jirani muandike tarakimu zote, na mzihesabu nafasi kwa kidole kama watoto.

Nimalizie kwa sensa, kwa kuwa ndiyo hesabu ambayo kila mmoja wetu yumo ndani yake. Sensa ya Uganda ya mwaka 2024 ilitoa katika ripoti ya mwisho watu 45,905,417: milioni arobaini na tano, laki tisa na elfu tano, mia nne kumi na saba. Sifuri yake imo katika makumi elfu, pale pale palipotukwaza mkutanoni. Jaribuni kuiondoa. Namba inayobaki ni 4,595,417, na watu 41,310,000 wametoweka nchini kwa kosa la karani mmoja.

Zoezi la wiki hii ni hili. Kenya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Tanzania mwaka 2022 watu 61,741,120. Rwanda mwaka huo huo watu 13,246,394. Ziandikeni kwa maneno, kwanza mkitumia laki, kisha bila laki, mwone ni ipi inayomchanganya msikilizaji. Halafu mfanye kama yule mama muuza dagaa: zibeni kwa kiganja tarakimu nne za mwisho, mniambie kila nchi ina mitwalo mingapi ya watu. Atakayeanza na Tanzania akumbuke kwamba sifuri ya mwisho iko chini ya kiganja, na bado inahesabiwa.